Mguu wa Diwani Faustinus

Vumbi jeupe. Kila asubuhi mji wa Thuzzaba huamka na vumbi jeupe kwenye kope, vumbi jeupe kwenye mkate, vumbi jeupe juu ya maziwa ya mbuzi. Ni vumbi la marumaru, vumbi la majina. Nje ya lango la magharibi, kwenye karakana ya Donatus mchonga mawe, tindo zinagonga tangu jua halijapanda, na kila zinapogonga, kuna mtu mmoja mnene mjini anazidi kuwa mwema.

Mji gani huu! Hauna maji ya kutosha watu kunawa miguu, lakini una majina ya kutosha kujenga ukuta mpaka baharini. Hamamu imepasuka sakafu, mvuke unatokea uani na kuwababua kuku; juu ya mlango imeandikwa kwamba fulani, mwana wa fulani, aliijenga kwa fedha zake mwenyewe. Ndivyo jiwe linavyosema. Hekalu halina paa upande wa kaskazini, njiwa wanaatamia begani mwa mungu. Juu ya mlango imeandikwa kwamba lilikarabatiwa kwa idhini ya baraza tukufu kabisa la Thuzzaba. Tukufu kabisa! Neno hilo madiwani walijipa wenyewe, wakalipigia kura wenyewe, na kura zikatosha.

Arishut aliishi katikati ya majina hayo maisha yake yote. Alikuwa mjane wa mkamua mafuta, mwenye vinu vitatu vya zeituni chini ya kilima, mwanamke mfupi, mwenye mikono inayonuka mafuta hata akiwa ametoka kuoga. Kilatini, lugha ya watawala, alijifunza kwa kusoma mawe, akienda sokoni na kurudi, herufi moja leo, nyingine kesho. Kwa hiyo alipojua kusoma alijua pia jambo la pili, kwamba jiwe haliwezi kuona haya.

Alikuwa na mtoto mmoja, Iddibal. Kijana mwembamba, mcheshi, mwenye shingo ndefu kama ya baba yake. Mwaka ule alipoingizwa barazani, mdogo kuliko madiwani wote, walimvika joho zito la sufu na kumpa jina la Kilatini: Honoratus, yaani Aliyeheshimiwa. Alirudi nyumbani jasho likimtiririka, anacheka, hajui mikono aiweke wapi.

"Mama, nakuomba, usiniite Iddibal mbele za watu."

"Nikuite nani?"

"Honoratus."

"Huyo Honoratus simjui. Hajanyonya kwangu."

Akacheka, akambusu utosini, akaenda zake kujifunza kutembea bila kukanyaga pindo. Na yeye Arishut alibaki mlangoni akimtazama, akiwa na hasira na fahari kwa pamoja, kama mtu aliyemeza kitu cha moto na hawezi kukitema mbele ya wageni.

*

Ikaja mvua. Ikaja mvua ya mwezi wa kwanza, ile inayoshuka milimani ikiwa imebeba miti, na mto Bagrada ukavimba, ukawa na rangi ya ngozi ya ng'ombe, ukaanza kuongea kwa sauti. Na katika majira hayo hayo ya mvua, baraza tukufu kabisa likapata habari kwamba liwali mpya ameteuliwa Karthago, mji mkuu wa jimbo. Basi ni lazima apongezwe! Ni lazima mjumbe wa Thuzzaba awe wa kwanza kufika, aliinamie joho la liwali kabla mjumbe wa miji ya jirani hajaliinamia.

Iddibal alimweleza mama yake jioni hiyo, wakila uji wa shayiri.

"Wamenichagua mimi."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Wote, mama."

"Na Faustinus? Ana nyumbu sita na gari lenye paa."

"Faustinus anaumwa mguu."

"Juzi nimemwona sokoni anamkimbiza mbwa."

"Umeanza jana."

"Na Rogatus?"

"Anaozesha binti."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Huu ni wa kwanza."

"Mama, basi. Ni heshima. Nilipokubali, baraza zima lilisimama likanipigia makofi."

"Walisimama?" Arishut akaweka kijiko chini. "Hata mwenye mguu?"

Iddibal aliendelea kula uji. Alikuwa kijana, na kijana akipigiwa makofi na watu wazima hasikii tena kitu kingine. Alfajiri akaondoka juu ya nyumbu wa kukodi, joho limekunjwa ndani ya ngozi lisilowe. Alipinda kwenye kona ya karakana ya Donatus, akapunga mkono. Alipunga kama mtoto, kwa kiganja kizima.

Mto ulimchukua kwenye kivuko. Wabeba sufu walimkuta amenaswa kwenye mizizi ya mkuyu, wakamleta mjini juu ya marobota yao, wamemfunika kwa manyoya ya kondoo. Arishut alimwosha mwenyewe. Alitoa matope masikioni, alitoa matope chini ya kucha, na kila alipotoa alimwita jina lake, Iddibal, Iddibal, kama mtu anayemwamsha mtoto asichelewe. Mbele za watu hakulia. Hakutaka madiwani wapate hata chozi lake moja la kwenda kusimulia.

Na liwali? Liwali hakuwa amefika. Alikuwa bado Sisilia, ng'ambo ya bahari, anangoja upepo, anakula samaki. Habari hiyo ilifika baada ya maziko, na madiwani waliipokea kwa masikitiko: ina maana bado kuna nafasi ya kuwa wa kwanza, na lazima atafutwe mwingine wa kutumwa.

*

Kisha wakaja nyumbani kwake. Walikuja wawili, Faustinus na Rogatus, wamevaa majoho, wamejipaka mafuta yaliyotoka kwenye vinu vyake mwenyewe. Arishut aliwaona kutoka dirishani wakipanda njia. Faustinus alipanda kilima kama jogoo. Alipokaribia mlango, akakumbuka, akaanza kuchechemea.

Walikaa. Walikula maandazi ya asali yaliyokuwa ya matanga, wakayasifu, wakala mengine.

"Mama Honoratus," akaanza Faustinus.

"Mama Iddibal."

"Mama Iddibal, sawa. Pole sana. Mji mzima unalia. Baraza tukufu kabisa limekaa, na kwa kauli moja limempa mwanao sanamu. Uwanjani! Upande wenye kivuli!"

"Na maandishi," akasema Rogatus, akifuta asali kidevuni. "Yataandikwa maneno mazuri. Kwamba alikuwa kijana wa tabia njema, na kwamba alifariki akiutumikia mji."

"Mvua itaandikwa?"

Wakatazamana.

"Mvua ya nini, mama?"

"Na mto?"

"Kwa kawaida," alisema Rogatus kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kushika kikombe, "kwenye mawe ya heshima hatuweki hali ya hewa."

Nzi alikuwa anatembea kwenye pindo la joho la Faustinus, pale penye doa la mchuzi, na Arishut alimtazama nzi huyo kwa heshima zaidi.

"Nani analipia sanamu?"

Rogatus akakohoa. "Desturi, mama, ni kwamba familia ikisharidhika na heshima yenyewe, hulisamehe baraza gharama."

"Hulisamehe."

"Ndiyo."

"Yaani nyinyi mnanipa, mimi nalipa, halafu nawasamehe."

"Umeelewa vizuri kabisa!" alisema Rogatus, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

"Na karamu," akaongeza Faustinus. "Siku ya kufunua. Karamu ndogo tu. Kwa madiwani."

Hapo ndipo kitu ndani ya Arishut kilipopoa. Hasira ilikuwepo tangu siku ya kivuko, lakini hasira bado inamhesabu mtu kuwa mtu. Sasa aliwatazama wale wanaume wawili, makombo yao, pete zao, vidole vyao vinavyotafuta andazi la mwisho bila macho kuangalia, na akaona kwamba hawakumtuma mwanawe kufa. Hawakumfikiria kiasi hicho. Walimtuma kwa sababu nje kulikuwa na baridi.

"Sawa," akasema. "Nitalipa. Nimeridhika na heshima."

*

Karakana ya Donatus ilikuwa imejaa mawe yaliyokwisha kuchongwa nusu. Baraza tukufu kabisa, tayari. Kwa fedha zake mwenyewe, tayari. Tabia njema, tayari, safu nzima ya tabia njema imeegemezwa ukutani, ikingoja tu majina na vifo. Donatus alikuwa mzee mwenye kikohozi, nyusi zake nyeupe kwa vumbi. Alimchagulia jiwe zuri.

"Hili, mama. Ni kuongeza jina tu."

"Nataka lililo tupu."

Arishut akamwambia maneno ya kuchonga. Aliyasema polepole, kwa Kilatini chake cha sokoni, na Donatus aliyasikiliza huku mdomo ukifunguka.

"Mama yangu, hii si kazi ya jiwe. Hii ni kesi."

"Kuna uongo hapo?"

"Hakuna. Ndiyo maana ni kesi."

"Basi nitakwenda kwa mchongaji mwingine."

Donatus akakohoa kwa muda mrefu. Akaitazama ile safu ya tabia njema. "Tangu ujana wangu nachonga maneno yasiyo na kitu ndani," akasema mwishowe. "Hakuna mtu anayekwenda popote, hakuna mtu anayeogopa, hakuna hata anayelowa. Lete. Acha nichonge mto kabla sijafa."

*

Siku ya kufunua, jua lilitoka. Madiwani walikaa mbele, wamejipanga kwa unene, na harufu ya nyama iliwafikia kutoka ilikokuwa inachomwa. Watu wa mji walisimama nyuma. Katikati ya uwanja, upande wenye kivuli, kulikuwa na kitako kikubwa cha jiwe kilichofungwa chini kwa risasi iliyoyeyushwa, na juu yake bamba lililofunikwa shuka. Juu ya bamba hapakuwa na kitu.

"Sanamu iko wapi, mama?" aliuliza Faustinus.

"Imechelewa. Iko njiani. Inangoja mto upungue."

Baadhi ya wanawake nyuma wakashusha macho. Shuka likavutwa. Na Baric, mpiga mbiu wa mji, mtu mwenye sauti ya kengele na akili ya kengele, akasonga mbele kusoma, kama alivyosoma mawe yote, kwa kifua kilichotuna.

"Iddibal, mwana wa Arishut! Alitumwa Karthago wakati wa mvua, kumpongeza mtu ambaye hakuwa amefika! Faustinus alisema mguu wake unauma! Rogatus alisema..."

Sauti ikapungua. Macho yalikuwa yametangulia, yamekwisha kuona kinachokuja.

"Nyamaza!" Faustinus alikuwa amesimama. Alikuwa amesimama wima, kwa miguu yote miwili.

"Endelea, bwana!" Mwuza maharage mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Rogatus alisemaje?"

"Soma, Baric, sisi hatujui kusoma!"

Na Baric, ambaye hakuwahi kuacha jambo katikati maishani mwake, akasoma. Alisoma kwa sauti ndogo sasa, sauti ya mtu, na uwanja mzima ukanyamaza ili umsikie. "Rogatus alisema ana harusi. Wengine hawakusema kitu. Walipiga makofi. Mto ulimchukua kwenye kivuko. Alikuwa anaogopa maji tangu utotoni, na hakumwambia mtu. Mama yake amelipia jiwe hili. Baraza halikutoa kitu."

Hapakuwa na kelele. Ingekuwa afadhali kwao kama pangekuwa na kelele. Kulikuwa na wanawake waliogeuka kuwatazama waume zao, na kulikuwa na mtu mmoja tu aliyecheka, kicheko kifupi cha puani, na kicheko hicho kilizunguka uwanja kama mbwa anayenusa, kikipita mguu mmoja mmoja wa madiwani.

Nyama Arishut aliigawa kisimani, kwa wanawake wanaochota maji. Madiwani walikwenda nyumbani na njaa yao.

*

Kesho yake baraza lilikaa tangu asubuhi. Likaamua jiwe livunjwe, na, kwa kuwa hakuna aliyekubali kutoa nyundo yake wala mikono yake, kwamba gharama itoke katika hazina ya madiwani wenyewe. Basi sikieni! Sakafu ya hamamu haikupata. Paa la hekalu halikupata. Kivuko cha Bagrada, ambacho kamba moja nene ingekitosha, hakikupata. Kazi pekee ambayo baraza tukufu kabisa la Thuzzaba liliwahi kuifanya kwa fedha zake lenyewe ilikuwa kuvunja jina la mtoto aliyezama. Hilo hakuna jiwe linalolisema.

Aliyeajiriwa ni Donatus. Nani mwingine angekuwa na nyundo za kazi hiyo? Arishut alikuja na kigoda na dengu za kukaanga ndani ya kitambaa. Akaketi mbele kabisa.

"Nisamehe, mama," alisema Donatus, chini kwa chini.

"Piga, baba. Kula kwanza dengu kidogo."

Akapiga. Alipiga kama fundi anayejua jiwe linapopenda kupasukia, na bamba likaachana katika vipande vikubwa, safi, vyenye maneno. Kipande chenye jina Arishut alikichukua mwenyewe, akakibeba kifuani, akakipeleka kaburini. Vingine watu walivibeba kabla machweo, kwa maana jiwe zuri halitupwi. Mmoja alikifanya kizingiti. Mwingine alikifungia kinu. Na kile chenye mguu wa Faustinus, sijui nani alikipeleka, lakini siku chache baadaye kilikuwa kimezibia tundu ukutani mwa choo cha umma, usawa wa macho ya mtu aliyekaa.

Faustinus akachechemea tangu siku ile. Angefanya nini? Akitembea sawasawa, jiwe limesema kweli. Kwa hiyo alichechemea kwenda sokoni, alichechemea hekaluni, alichechemea kwenye harusi ya binti wa Rogatus, ambayo kwa aibu ilibidi ifanywe kwa haraka na bila ngoma. Alichechemea miaka, mpaka nyonga ikapinda kweli na usiku akaanza kuugulia kweli. Siku moja walikutana kwenye kichochoro cha wauza mafuta, yeye na Arishut, nafasi ikiwa ndogo.

"Pole na mguu," alisema Arishut.

"Asante, mama."

"Mwanzoni ulikuwa ule wa kulia."

Alipita. Hakugeuka nyuma kuona, ila wauza mafuta wanasema diwani alisimama pale muda mrefu, ameushika ukuta, hajui aanze na upi.

*

Mji ulikufa baadaye, kama miji inavyokufa, bila kuandika popote kwamba umekufa. Waliokuja kuufukua wamekuta mawe mazima, mengi, safu kwa safu: tabia njema, fedha zake mwenyewe, tukufu kabisa. Watu huyapita wakipiga miayo. Halafu hufika kwenye kipande kimoja kilichovunjika pande zote, chenye maneno machache tu, *mguu wake unau*, na hapo husimama. Hawajui ni mguu wa nani wala uliuma kwa sababu gani. Lakini wananusa kitu. Wanajua kwamba hapa, hatimaye, palikuwa na watu.

Na kile kitako cha jiwe, kilichofungwa kwa risasi, kilibaki uwanjani. Kilikuwa kizito mno kung'olewa, na hakuna diwani aliyethubutu kuiweka sanamu yake juu yake, kwa kuwa kila mtu angejua amesimama mahali pa nani. Basi kabla ya hayo yote, mwaka ule ule wa jiwe, ukaja msimu wa tini. Asubuhi moja Arishut akaja na ungo, akapangusa jiwe kwa kiganja, akaanza kuanika tini zake pale, moja baada ya nyingine, tumbo juu.

Baric mpiga mbiu akamkaribia, anahangaika na vidole vyake.

"Mama, nimetumwa. Wanasema hapa ni mahali pa heshima. Pametolewa na baraza."

"Najua. Mimi ndiye niliyepalipia."

Baric akatazama kule ukumbini kwa madiwani, akatazama tini. Kisha akavua kofia yake, akapunga taratibu, kufukuza nzi.

Wakakaa hivyo, wawili. Jua likapanda juu ya mapaa ya Thuzzaba, likafika uwanjani, likapanda kwenye jiwe, likaingia ndani ya zile tini mpaka zikawa kama taa. Arishut alizigeuza polepole kwa ncha za vidole, na mwanga ukamjaa mikononi, mwanga mzito, wa dhahabu, wenye joto la mwili.

Akainama, akaonja moja. Ilikuwa bado.